Taarifa Bora Ianzie Mpakani

Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza tarehe 1 Julai, na miezi inayoutangulia ni miezi ya kupanga matumizi. Ndiyo miezi ambayo wauzaji wa mifumo ya kompyuta hubisha hodi katika wizara, katika mashirika ya umma na katika makao makuu ya vyombo vya usalama. Huja na vioo vikubwa vyenye ramani za rangi na nguzo za takwimu zinazopanda na kushuka, pamoja na ahadi kwamba mkuu ataijua hali yote ya shirika lake kwa kutazama mara moja tu. Kisha huweka mezani orodha ya bei: mpango wa kawaida, mpango wa kati na mpango wa daraja la juu. Wakuu hubaki na swali moja la kujibu: tuchukue upi?

Sisi tunaona kwamba swali hilo si la wahasibu na mafundi wa kompyuta peke yao. Linamhusu pia askari aliye lindoni usiku, koplo anayeandika katika kitabu cha matukio, na sajini anayeita kwa redio kutoka kwenye doria. Ripoti yoyote itakayoonekana kwenye kioo cha mkuu, hata iwe ya rangi namna gani, huanzia mikononi mwa watu hao. Kwa sababu hiyo leo tunalizungumza jambo hili mbele ya ndugu zetu wanajeshi na polisi, na tunalipima kwa mahali ambapo wengi wao wamepata kutumikia: mpaka wa Mpondwe, wilayani Kasese.

Mpondwe ni mlango mkubwa wa nchi yetu upande wa magharibi. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na barabara itokayo hapo huelekea Beni na Butembo. Wananchi wa pande hizi mbili ni ndugu. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule husemezana bila mkalimani. Siku za soko maelfu ya watu huvuka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, wakibeba samaki, mchele, kahawa na mafuta ya mawese. Na mbali na daraja la serikali zipo njia za panya nyingi, ambazo mwenyeji huzijua toka utotoni na mgeni hazioni hata akizikanyaga.

Katika mahali hapa padogo hukusanywa habari za kila namna. Watu wa forodha huandikisha mizigo mikubwa katika mfumo wa ASYCUDA, uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD. Biashara ndogo ya kichwani na ya baiskeli, ambayo haiandikwi katika hati za forodha, huhesabiwa na wadadisi wa Idara ya Takwimu na Benki Kuu, wanaokaa mpakani siku maalum wakiandika kilichopita. Wahudumu wa afya hupima joto la wasafiri. Polisi na wanajeshi huangalia nani amepita, wapi na kwa shabaha gani. Kwa hiyo mtu akitaka kujua taarifa nzuri ni ipi na taarifa mbaya ni ipi, Mpondwe patamfundisha.

Historia imekwisha kutufundisha hapo mara kadhaa. Tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walivuka kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakaishambulia Mpondwe na Bwera. Tangu siku hiyo hakuna afisa aliyepangwa katika safu za Rwenzori ambaye hajui kwamba mpaka huu hulindwa kwa habari kabla ya kulindwa kwa risasi.

Somo la pili lilikuja mwaka 2019. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa umetangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kabla haujamalizika mwezi wa Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470, ukawaua 2,287. Nchi yetu haikungoja hadi moto ufike ndani ya nyumba. Tangu Novemba 2018 wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani walianza kuchanjwa. Hata hivyo, mwezi wa Juni 2019 familia iliyokuwa imempoteza babu yao kwa ugonjwa huo iliingia Uganda kutoka Kongo bila ya mgonjwa wao kutambuliwa mpakani. Mtoto wa miaka mitano alifikishwa katika hospitali ya Kagando, na wahudumu wa pale, kwa macho yao na kwa mafunzo yao, wakashuku. Alihamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni Taasisi ya Uchunguzi wa Virusi ya Entebbe ikathibitisha. Mtoto huyo, bibi yake na mdogo wake walifariki dunia.

Miezi miwili baadaye, tarehe 28 Agosti 2019, mtoto mwingine, msichana wa miaka tisa kutoka Kongo, alifika Mpondwe pamoja na mama yake. Safari hii alitambuliwa pale pale mpakani. Aliwekwa kando, akapelekwa Bwera, na siku iliyofuata Ebola ilithibitishwa. Kwa masikitiko, naye hakupona. Alifariki tarehe 30 Agosti. Lakini ugonjwa haukuenea katika nchi yetu. Mara ya kwanza habari ilianzia hospitalini, mgonjwa akiwa amekwisha kuingia ndani. Mara ya pili ilianzia kizuizini. Kilichoipata habari ile ya pili kilikuwa ni kipima joto, mtu aliyesimama mahali pake, na fomu iliyojazwa mara moja.

Somo la tatu ni chungu, nasi tunaliandika kwa heshima ya marehemu. Usiku wa Ijumaa tarehe 16 Juni 2023, ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, chini ya kilometa mbili kutoka mpakani. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, baadhi yao wakiteketezwa katika bweni lao, wengine walitekwa. Ilielezwa hadharani baada ya tukio hilo kwamba zilikuwapo habari za waasi kuonekana eneo la mpakani muda usiopungua siku mbili kabla ya shambulio. Hatuandiki haya kumnyoshea mtu kidole. Uchunguzi una wenyewe. Tunayaandika kwa sababu yanatufundisha kwamba habari haiwi taarifa kwa kuwapo tu. Huwa taarifa inapomfikia mwenye uwezo wa kuchukua hatua, wakati hatua hiyo ingali na faida. Habari iliyochelewa kwa saa moja na habari isiyokuwapo, mbele ya mzazi aliyefiwa, ni kitu kimoja.

Sasa na turudi kwenye orodha ya bei, tukiwa na Mpondwe machoni mwetu.

Mifumo inayouzwa ni mingi, na mmoja unaojulikana sana ni Power BI wa kampuni ya Microsoft. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni hiyo ilipandisha bei. Mpango wa Pro ulitoka dola 10 ukafika dola 14 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi, na mpango wa Premium kwa kila mtumiaji ukatoka dola 20 ukafika 24. Tuchukue shirika lenye watumiaji 500. Kwa bei hizo, mpango wa chini ungeligharimu dola 84,000 kwa mwaka, na mpango wa juu dola 144,000. Tofauti ni dola 60,000, si mara moja, bali kila mwaka. Fedha hizo ni za wananchi, nao wana haki ya kuuliza zimenunua nini.

Zimenunua mambo kadhaa ya kweli, wala hatutaki kumdhulumu muuzaji. Mpango wa juu huweza kubeba takwimu nyingi zaidi kwa mara moja. Tena, katika mpango wa chini ripoti huweza kupangiwa kufanywa upya mara 8 kwa siku, na katika mpango wa juu mara 48, yaani kila nusu saa ikigawanywa sawasawa mchana na usiku. Muuzaji hulitaja jambo hili kwa sauti kubwa, na mnunuzi huvutiwa, hasa akiwa mtu wa usalama, kwa maana nusu saa kwake ni muda wa maana.

Lakini ndugu zetu walio mpakani watatuelewa upesi. Ikiwa kituo kidogo huandika mambo yake katika daftari, na daftari hilo hupelekwa wilayani kila Jumatatu, basi kompyuta ya makao makuu itakuwa ikiichora upya Jumatatu ile ile mara 48 kwa siku, siku saba mfululizo. Mkuu atakuwa akitazama jana na juzi akidhani anatazama leo. Hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kioo kabisa, kwa sababu asiyeona hupapasa kwa tahadhari, bali anayedhani anaona hukimbia. Mwendo wa taarifa hauwezi kuupita mwendo wa kituo chake kilicho cha mwisho. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye kituo hicho. Kioo kikubwa kingoje zamu yake.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Marekani, nchi yenye mali nyingi na mafundi wengi, ililipa ada kubwa kulijifunza. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, ilionekana wazi kwamba idara zao zilikuwa na vipande vya habari ambavyo havikuunganishwa. Idara ya upelelezi ya FBI ikaharakisha kujijengea mfumo mpya wa kompyuta wa kushughulikia kesi. Mwaka 2005 mfumo huo ulitupwa kabla haujatumika, baada ya kula kiasi cha dola milioni 170. Matakwa yalikuwa yakibadilishwa kila mara, na hapakuwa na mpango thabiti wa kile kilichotakiwa. Ilibidi waanze upya, na mfumo uliofuata, uitwao Sentinel, ulianza kutumika kikamilifu mwaka 2012. Ikiwa tajiri amejikwaa hivyo, sisi ambao kila dola tunaitafuta kwa jasho hatuna budi kutazama tunapokanyaga.

Tena tunao mfano wetu wenyewe ambao ni wa kujivunia. Wizara ya Afya hutumia mfumo wa DHIS2, ambao maendeleo yake huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe, na ambao hautozi ada ya leseni. Pamoja nao uko mpango wa mTrac, ambao mhudumu wa zahanati hutuma hesabu ya wagonjwa wa wiki kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, ile ya vibonyezo. Hapa waliopanga mfumo walianza chini. Walijiuliza: mhudumu wa kijijini ana nini mkononi? Ana simu ndogo. Basi taarifa na ianze kwenye simu hiyo. Baadaye ndipo ikapanda hadi wilayani na hadi wizarani, ikageuka ramani na michoro.

Hatusemi kwamba kisichotozwa ada hakina gharama. Mfumo wa namna hiyo unahitaji seva, unahitaji mafundi wa kuutunza, na unahitaji mafunzo yasiyokoma kwa sababu watumishi huhamishwa. Shirika lisilo na fundi hata mmoja likichukua mfumo wa bure huenda likalipa zaidi kuliko lililonunua. Wala hatusemi kwamba mpango wa daraja la juu haufai kamwe. Mahali ambapo habari kweli huingia kila dakika kutoka pande nyingi, kama vile forodha, benki na shirika la umeme, au wakati wa janga ambapo vituo vyote vya mpakani huripoti kwa simu usiku na mchana, kufanya ripoti upya kila nusu saa kunaweza kuokoa mali na roho za watu. Tunachosema ni kwamba daraja la mpango lilingane na daraja la habari. Kumvisha kuruta nyota za jenerali hakumfanyi jenerali.

Kwa hiyo, kabla saini haijawekwa kwenye mkataba, tunawaomba wakuu wa taasisi zetu wajibu maswali matano, tena wayajibu kwa maandishi.

Swali la kwanza: habari hii inatoka wapi, inaandikwa na nani, na inachukua saa ngapi kufika? Jibu lisitafutwe ofisini. Mtu atumwe Mpondwe, akae siku nzima ya soko na usiku mmoja wa doria, aone kwa macho yake. Akirudi na jibu kwamba habari huchukua siku tatu, basi kazi ya kwanza ni kupunguza siku hizo tatu ziwe saa tatu. Huenda kinachohitajika ni redio, betri ya jua, pikipiki na lita chache za petroli, na bei yake yote isifike hata robo ya leseni zile.

Swali la pili: nani ataisoma ripoti, na nani atachukua hatua? Katika mpango ule wa Premium wa kulipia kila mtumiaji, si mwenye kutengeneza ripoti peke yake atakayehitaji leseni ya daraja hilo. Hata msomaji sharti awe nayo. Yapo mashirika yanayonunua leseni chache za juu kwa ajili ya wakubwa, kisha yakagundua kwamba mkuu wa kituo cha mpakani, ambaye ndiye atakayetoa amri ya kwanza usiku, hawezi kuifungua ripoti inayohusu eneo lake mwenyewe. Iko pia njia ya kulipia uwezo wa mashine badala ya vichwa vya watu, ambayo ikifikia kiwango fulani huruhusu wasomaji wengi bila kila mmoja kununuliwa leseni yake. Hesabu zote mbili zipigwe. Na katika hesabu hiyo, mtu wa chini ahesabiwe kwanza.

Swali la tatu: mtandao ukikatika itakuwaje? Kasese ni nchi ya milima na mafuriko. Mwezi wa Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika ukaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Siku kama hizo umeme hukatika na minara ya simu hunyamaza, na ndizo siku ambazo taarifa huhitajiwa zaidi. Mfumo unaofaa ni ule unaoruhusu kituo kuandika bila mtandao na kupeleka baadaye. Na nyuma ya kila mfumo kiwepo kitabu cha matukio, kimeandikwa kwa wino, kwa mwandiko unaosomeka.

Swali la nne: habari zetu zitahifadhiwa wapi, na nani ataziona? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019, na sheria hiyo inavihusu vyombo vya umma pia. Jina la mgonjwa, namba ya simu ya mwananchi aliyetoa habari za siri, na mahali kikosi kilipo usiku wa leo si vitu vya kuwekwa katika kapu moja. Mwananchi aliyemnong'oneza askari kwamba ameona watu wasiowafahamu msituni ameyaweka maisha yake katika mikono ya askari huyo. Jina lake likionekana kwenye kioo mbele ya watu 500, hatatuambia tena, wala jirani yake.

Swali la tano: mwaka wa tatu tutalipa nini, na tukitaka kuondoka tutatokaje? Tumeona kwamba bei ya Pro ilipanda kwa dola 4. Kwa shirika letu la watumiaji 500, hizo ni dola 24,000 zaidi kwa mwaka, bila ya kuongezewa mtumiaji hata mmoja. Mkataba na useme bei haitapanda hadi lini, na takwimu zetu tutarudishiwa kwa namna gani siku ya kuachana. Tuna sheria ya manunuzi ya umma ya mwaka 2003 na marekebisho yake. Ifuatwe kwa moyo wake na si kwa muhuri tu. Tena, kabla ya kununua kwa nchi nzima, mfumo ujaribiwe miezi mitatu katika kituo kimoja kigumu. Ukiweza Mpondwe, utaweza Kampala. Kinyume chake si kweli.

Baada ya kusema na wakuu, sasa tunasema na ninyi, ndugu askari, kwa sababu hata maswali yote matano yakijibiwa vizuri, yako mambo ambayo hakuna leseni inayoweza kuyanunua.

La kwanza ni ukweli wa neno lililoandikwa. Sote tunalijua lile neno "hali shwari". Ni neno zuri linapokuwa la kweli. Lakini likiandikwa kila siku kwa mazoea, kabla hata doria haijatoka, huwa ni pazia la kumfichia adui. Askari anayeandika taarifa na aseme ameona nini, wapi, saa ngapi, watu wangapi, walielekea upande gani, na yeye alifanya nini. Akiwa hakuona bali amesikia, aseme amesikia, na kwa nani. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Tetesi za sokoni zisidharauliwe, ila ziandikwe kwa jina lake kuwa ni tetesi. Taarifa ya mistari sita yenye mambo hayo ina thamani kuliko kurasa kumi za sifa.

La pili linawahusu maofisa. Yuko kijana anayeleta habari mbaya akafokewa mbele ya wenzake: kwa nini unataka kutuchafulia kituo? Kijana huyo hatasahau. Kesho ataandika "hali shwari", na keshokutwa vile vile, hata siku ambayo moshi utaonekana. Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kazi ya taarifa, mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika yote mawili. Ofisa anayemshukuru koplo kwa habari mbaya iliyokuja mapema amenunua mfumo ulio bora kuliko wote, tena bila ya kulipa hata senti moja.

La tatu ni kurudisha majibu. Askari anayepeleka taarifa miaka miwili asipate neno hata moja la kumjulisha ilifanya kazi gani, mwisho huchoka. Atajiona anatupa mawe kisimani. Ripoti za wiki za makao makuu zishuke chini kwa lugha ambayo kituo kinaifahamu, na Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya majeshi yetu tangu enzi za kale na kiliidhinishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, kinaifaa kazi hiyo. Kituo kikijua kwamba habari yake ya Jumanne ilizuia jambo la Alhamisi, habari ya Jumanne ijayo itaandikwa kwa bidii zaidi.

La nne ni umoja wa wanaosimama pamoja mpakani. Forodha, afya, polisi, jeshi na viongozi wa vijiji husimama hatua chache tu baina yao. Mhudumu wa afya anayesikia kwamba njia fulani ya panya imeanza kutumika amwambie polisi jioni ile ile. Polisi anayemwona mgeni mwenye homa akamwepusha foleni amwambie mhudumu. Ikiwa watu watano wanaokunywa chai pamoja hawaambiani waliyoyaona, si haki kutazamia kwamba kompyuta iliyo umbali wa mamia ya kilometa itawaunganisha.

Tunarudia msimamo wetu ili usieleweke vibaya. Hatuyapingi maendeleo. Tunataka vyombo vyetu vya usalama viwe na mifumo ya kisasa, na siku habari zetu zitakapokuwa zinatembea kwa kasi inayostahili mpango wa daraja la juu, tutakuwa wa kwanza kusema mpango huo ununuliwe. Lakini mpangilio uwe sawa: kwanza askari na mafunzo yake, pili chombo kilicho mkononi mwake, tatu njia ya habari kupanda na majibu kushuka, nne mfumo wa kuzikusanya, na mwisho kioo cha mkuu. Anayeanza na kioo amejenga paa pasipo nguzo.

Pale Mpondwe, msichana wa miaka tisa alitambuliwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa macho mahali pake pa kazi, akaandika alichokiona, na aliyeandikiwa akachukua hatua siku ile ile. Pale pale Mpondwe pana makaburi ya wanafunzi ambao walistahili vivyo hivyo. Wanaoketi kuchagua mpango wa taarifa mwaka huu wayakumbuke yote mawili kabla ya kushika kalamu. Na askari aliye lindoni usiku wa leo asingoje mkataba wowote. Kitabu cha matukio kiko mbele yake, na taarifa bora inaanzia hapo.